Chenza la Seo-ran

Saa nne kasorobo usiku, Daegu, Novemba,
ghorofa ya sita, tuisheni ya Bwana Pyo.
Zimebaki siku kumi na tisa; ubao wa mlangoni wasema hivyo
kwa wino mwekundu, na kila jioni Bwana Pyo
huifuta tarakimu kwa kiganja
kama anayempangusa mtoto kamasi.

Wanafunzi arobaini na wawili. Hakuna anayekohoa.
Nafundisha njia za mkato:
ukiona hivi, andika vile,
usifikiri, kufikiri kunakula sekunde.
Miaka kumi na mmoja nimeuza sekunde.
Picha yangu iko kituo cha basi,
nimekunja mikono, natabasamu kwa meno ya mtu mwingine.

Ndipo Tak Seo-ran, kiti cha nyuma, karibu na kipasha joto,
akanyoosha mkono wenye chenza.
Nikadhani ananikaribisha.

"Mwalimu, pembe za pembetatu zina jumla gani?"
Darasa likaguna. Swali la watoto.
"Nyuzi mia na themanini."
"Basi njoo uone."

Alikuwa amechora juu ya ganda kwa kalamu ya buluu:
mstari ukashuka toka kikonyoni hadi kiunoni,
ukakizunguka kiuno robo tu,
ukapanda tena kikonyoni.
Pembetatu. Nikazipima kwa jicho pembe zake:
tisini, tisini, tisini.
Mia mbili na sabini, mkononi mwa binti
ambaye wiki iliyopita alikuwa wa thelathini na nane.

Jibu nililijua. Nililijua zamani,
maktaba ya chuo, theluji dirishani,
siku niliyosahau kula kwa ajili ya kitu kama hiki.
Nikafungua kinywa, kikatoka kilichozoea kutoka:
"Hilo halimo mtihanini."

Akaitikia kwa kichwa. Laiti angekasirika.
Akaanza kulimenya taratibu,
na pembetatu ikabanduka nzima,
ikajikunja juu ya meza,
ikakataa kulala bapa.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, wamesema waliosema.
Baba aliuziba wa kwetu kwa vyeti vyangu,
kimoja juu ya kingine, mpaka dari,
na ufa ukaendelea na safari yake chini ya karatasi.

Kesho yake nikapanda ngazi na gunia.
Machenza arobaini na mawili.
"Fungeni vitabu."
Wakanitazama kama nimewaambia wavue viatu juu ya barafu.
Dakika kumi. Kalamu zikateleza, vidole vikanata,
mmoja akacheka, cheko la kweli,
sikuwa nimewahi kulisikia humo.
Nyuma ya kioo, Bwana Pyo alitazama saa.

Mama mmoja akapiga simu: mwanawe amepotezewa dakika kumi.
Kweli amepotezewa. Sikuwa na la kumjibu.
Kufika masika, pale kituoni
palikuwa na mwanamke mwingine, amekunja mikono.

Seo-ran alipata ngapi? Ningependa kusema sijui.
Alipata kidogo. Alilia, mamake akalia.
Siku hizi yuko Ulsan, gatini,
anafunzwa kukunja mabamba ya chuma kuwa tumbo la meli,
moto huku, maji kule, shibiri kwa shibiri.
Aliniandikia mara moja:
Mwalimu, nacho kinakataa kulala bapa.

Mimi nina chumba juu ya dobi.
Watoto wanane, mvuke wa pasi unapenya sakafuni,
kodi nalipa kwa kuchelewa,
na usiku mwingine naamka nikihesabu arobaini na wawili.

Jana Gi-beom alileta yai.
Akachora pembetatu upande uliochongoka,
akachora nyingine upande wa kitako:
"Ipi inazidi, na kwa kiasi gani?"
Nikasema, Sijui.
Tukakaa nalo mpaka dobi akazima taa.